Kijiji cha babu hakipo kwenye ramani: jinsi ya kuyatafuta mahame ya Liwale

Swali: "Babu yangu mzaa mama alikuwa Mngindo. Alifariki mwaka 1998 akiwa mzee sana. Siku zote alisema kwao si Nachingwea tulikokulia, bali huko Donde, porini, 'waliko tembo sasa', na kijiji chao alikiita kwa jina la jumbe wao (mkuu wa kijiji). Alisema Waingereza waliwahamisha yeye akiwa kijana ambaye hajaoa. Nimelitafuta jina hilo kwenye ramani ya simu, silioni. Nimeuliza halmashauri, nikajibiwa kwamba hakuna kijiji cha jina hilo na hakijawahi kuwepo. Sina cheti wala karatasi yoyote. Dada yake babu, wa mwisho kuzaliwa, bado yu hai lakini amechoka, na wakati wa kuhama alikuwa mtoto mdogo. Ndugu wengine wananiambia nipime DNA. Je, inawezekana kujua kijiji kilikuwa wapi na watu wake walikwenda wapi? Nianzie wapi?"

Jibu:

Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili kwa pamoja: kijiji kilikuwa wapi, na watu wake walikwenda wapi. Watu wengi huanza na la kwanza, wakakwama. Nakushauri uanze na la pili, kwa sababu katika historia ya Ungindo watu ndio wanaotuongoza kufika mahali. Na ndiyo, inawezekana. Pengine hutasimama penye kizingiti cha nyumba ya babu, lakini kulijua bonde na kijito walichokuwa wakichota maji ni jambo linalofikika, hata kwa mtu asiye na cheti.

Kwanza nikuondolee simanzi ya jibu la halmashauri. Kijiji kama chombo cha kisheria, chenye namba na cheti cha kuandikishwa, kimetokana na sheria ya vijiji ya mwaka 1975. Karani akifungua orodha yake, anaona vijiji vilivyoandikishwa tangu hapo. Kijiji kilichohamishwa miaka ya 1940 hakiwezi kuwemo, kama vile mtu aliyefariki kabla ya daftari la wapiga kura kuanzishwa hawezi kuwemo humo. Karani amekuambia kweli kuhusu orodha yake. Kuhusu kijiji chenu hajakuambia lolote.

Maneno ya babu yako yanalingana na historia inayojulikana. Donde ni jina la zamani la nchi ya Liwale, na katika maandishi ya Kijerumani utalikuta mara nyingi. Hapo ndipo vita vya Majimaji vilipowaka mapema, mwaka 1905. Boma la Liwale lilichomwa mwezi Agosti mwaka huo. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na maghala ya nafaka, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Waliobaki walikuwa wachache, wametawanyika, na mashamba yao yakarudi kuwa msitu. Msitu ukaleta tembo na mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa wa malale. Pori la Akiba la Selous lilipewa jina hilo mwaka 1922, kwa kumbukumbu ya mwindaji Frederick Selous aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi Januari 1917, nalo likawa likipanuliwa kwa awamu. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wangindo wa magharibi ya Liwale kwa sababu iliyotangazwa ya ugonjwa wa malale, na nchi yao ikaingizwa ndani ya pori. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo babu aliposema "waliko tembo sasa" hakuwa akitia chumvi.

Inafaa uelewe hoja ya malale, maana ndiyo iliyozaa karatasi utakazozitafuta. Mbung'o anahitaji kivuli cha vichaka ili aishi na kuzaa. Kaya chache zilizo mbalimbali haziwezi kufyeka eneo la kutosha kumfukuza. Kaya mia kadhaa zilizokaa pamoja zinaweza. Hivyo maofisa wa malale wakapanga makazi ya pamoja, wakaamuru watu wahamie huko. Watu walipoondoka, vichaka vikafunga kabisa na mbung'o wakazidi, na hali hiyo ikatumika kama hoja ya kutowarudisha. Lakini ili kupanga makazi hayo, ofisa alihitaji kujua kila jumbe ana walipa kodi wangapi, wanatoka mto gani, na wanapelekwa wapi. Serikali ile haikuandika watu walipokuwa wakiishi kwa amani. Iliandika ilipowatoza kodi, ilipowapiga vita, na ilipowahamisha. Tafuta kijiji chenu katika nyakati hizo tatu.

Sasa dhana moja lazima tuivunje, vinginevyo utapoteza miezi. Unakifikiria kijiji kama nukta kwenye ramani, nyumba zimejipanga kandokando ya barabara. Sura hiyo ya kijiji ni ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Wangindo wa wakati wa babu waliishi kwa kutawanyika, kila kaya karibu na shamba lake, na shamba likichoka walihama mwendo wa saa moja au mbili, wakafyeka jipya. Kijiji kilikuwa watu walio chini ya jumbe mmoja. Ndiyo maana kiliitwa "kwa fulani". Jumbe akihama, jina lilihama naye. Akifa, mrithi wake angeweza kulichukua jina hilo kama jina la cheo, au kijiji kikabadilika jina na kuitwa kwa jina lake mwenyewe. Matokeo yake, ramani mbili zilizopishana miaka kumi na tano zinaweza kuonyesha jina moja mahali pawili, kilomita ishirini kutoka hapa hadi pale, na zote mbili zikawa sahihi. Vilevile majina mawili tofauti yanaweza kuwa kijiji kimoja. Usiandike "ramani imekosea" kabla ya kujiuliza jumbe alikuwa nani mwaka huo.

Anza na bibi, yaani dada yake babu, tena wiki hii, kabla ya nyaraka na kabla ya ramani. Karatasi zilizokaa ghalani miaka themanini zitakusubiri mwezi mmoja zaidi.

Unasema alikuwa mtoto mdogo, kama kwamba hilo linampunguzia thamani. Mtoto wa miaka minane hajui jina la ofisa wala mpaka wa wilaya, lakini anajua njia. Usimuulize "kijiji kilikuwa wapi?" Muulize walichota maji wapi, na kijito kiliitwaje. Kilikauka kiangazi au la? Walichimba visima mchangani? Palikuwa na mlima unaoonekana kutoka uwanjani, na jua lilizama upande wake au upande mwingine? Jirani alikuwa nani, na jirani wa jirani? Siku ya kuhama walibeba nini, walilala njiani mara ngapi, walivuka mito gani, na mto upi uliwatisha watoto? Familia yenye watoto na mizigo hutembea kilomita 15 kwa siku, ikijitahidi sana 20. Wakilala njiani mara nne, wametembea siku tano: kilomita 75 hadi 100 za njia, na pungufu ya hapo ukipima kwa mstari ulionyooka, maana njia hupinda. Tayari umepata duara la kutafutia.

Vikao viwe vifupi, dakika arobaini, asubuhi baada ya chai, na mtu anayempenda akiwa pembeni. Mrekodi kwa simu kwa ruhusa yake. Mwanzo wa kila kikao taja tarehe na majina ya waliopo, na siku hiyohiyo hamisha sauti uiweke sehemu mbili. Mwache azungumze Kingindo akitaka. Majina ya mahali hutoka sawasawa katika lugha yaliyozaliwa nayo. Usimwonyeshe ramani na usimtajie majina uliyoyapata kwingine. Mzee mwenye adabu atakukubalia ili asikuvunje moyo, na kuanzia hapo hutajua tena kipi ni kumbukumbu yake na kipi ni chako. Rudia swali gumu baada ya wiki mbili. Jibu likirudi vilevile, lina uzito.

Kwa tarehe, wazee huhesabu kwa matukio, nawe uyapange pembeni ya daftari: Majimaji na njaa yake, ukamataji wa wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, homa kubwa ya 1918, mashamba ya karanga ya Nachingwea yaliyoanza 1947, kimbunga cha Lindi cha mwezi Aprili 1952, uhuru 1961. Kwa Liwale kuna alama nyingine nzuri: Constantine Ionides, ofisa wa wanyamapori aliyekuwa maarufu kwa kukamata nyoka, watu wakamwita Bwana Nyoka. Aliingia kazini mwaka 1933. Muulize bibi kama waliwahi kumwona kabla ya kuhama au baada. Uliza pia nani aliingia jando pamoja na babu. Kundi la jando ni kama darasa: hata wakitawanyika, kila mmoja anawajua wenzake kwa jina na kwa jumbe. Ukiwapata wajukuu wa wawili watatu wa kundi hilo, umeanza kukipata kijiji upya.

Wakati huohuo omba kufungua masanduku na mikebe ya familia. "Sina karatasi yoyote" ni kauli ninayoisikia kwa wengi ambao hawajatazama. Stakabadhi ya kodi ya zamani, kipande cha kazi cha mtu aliyekwenda mashamba ya mkonge kama manamba, barua iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu: mara nyingi hizi zinataja jumbe wa mhusika. Wengi wa Wangindo wa Liwale ni Waislamu, na waalimu wa zamani waliandika ndoa, talaka na mirathi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Familia huzidhania karatasi hizo kuwa ni Kurani, huziheshimu, na hazizisomi. Peleka picha zake kwa mwalimu wa madrasa anayesoma maandishi hayo. Usisahau pia majina yanayotajwa kwenye hitima na tambiko, na mpangilio wake. Na watani wenu waliokuja kuzika wanaweza kujua kaburi la nani liko wapi hata kama wenye msiba wamesahau.

Kama sehemu ya ukoo ilikimbilia upande wa Mahenge au Masasi na kubatizwa, kuna rejista za misheni. Ndanda ilianzishwa 1906, Kwiro karibu na Mahenge 1902. Rejista ya ubatizo ya Kikatoliki huwa kwa Kilatini, ina namba ya mbatizwa, tarehe, jina, majina ya wazazi, mahali anapotoka na msimamizi. Pembeni huongezwa ndoa, wakati mwingine kifo. Tazama pembeni hapo kwa makini, maana ndipo mtu aliyetoweka hujitokeza akiwa parokia nyingine. Paroko ana haki ya kukukatalia. Mwandikie kwanza, mpe jina na miaka ya kukisia, usimtokee mlangoni.

Ukishakuwa na jina la jumbe, majina ya vijito viwili vitatu, na majirani, ndipo uende Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Uliza kabla utaratibu, barua ya utambulisho inayotakiwa na ada. Kuna tabaka mbili. Mafaili ya Kijerumani yana alama ya G na yameandikwa Kijerumani, mengi kwa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa shida. Mafaili ya Kiingereza ndiyo yenye tumaini kubwa kwako. Hapo omba kwanza kitabu cha wilaya, ambacho kila bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alikiongezea kurasa: orodha za majumbe, mipaka, idadi ya walipa kodi, habari za makabila. Vingi vimepigwa picha kwenye mikrofilamu. Halafu omba mafaili ya malale, ya uhamishaji wa watu, na ya idara ya wanyamapori. Ya wanyamapori watu huyapita, na ni kosa: tembo alipokula mashamba, ofisa aliandika ya nani, kwa jumbe gani, karibu na mto upi.

Tatizo moja litakukera: Liwale haikukaa chini ya boma moja. Imewahi kuwa na ofisi yake, na imewahi kuwa chini ya ofisi za jirani. Usiishie kwenye faili lenye jina Liwale. Tafuta Kilwa, tafuta Nachingwea, tafuta Jimbo la Kusini lililosimamiwa kutoka Lindi na baadaye Mtwara. Kama watu wenu wengine walielekezwa Ulanga au Rufiji, huenda orodha yao iko upande wa waliowapokea, si wa waliowatoa. Na ukipata orodha, kumbuka inahesabu wanaume walipa kodi. Bibi zako hawamo, watoto hawamo, na mjanja aliyekwepa kodi hamo pia. Jumbe mwenye watu 60 kwenye orodha alikuwa na jamii ya watu 200 au zaidi.

Kuna hazina nyingine mbili zinazotokana na kazi ya wanachuo. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha mradi wa utafiti wa Majimaji, ukiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wanafunzi walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioiona vita. Ulizia ripoti hizo maktaba ya chuo. Na A. R. W. Crosse-Upcott aliandika tasnifu juu ya jamii za wasemaji wa Kingindo, Chuo Kikuu cha Cape Town, 1956, miaka michache tu baada ya uhamisho. Ulizia nakala kwa njia ya maktaba. Kwa upande wa Ujerumani, mafaili ya wizara ya makoloni yamo Bundesarchiv mjini Berlin chini ya alama R 1001, na mengi yamewekwa mtandaoni, yanasomeka bure ukiwa Nachingwea kwako.

Kabla hujafungua karatasi hizo, jifunze tahajia za waandishi, maana jina lenu halitakuwa limeandikwa mnavyoliandika. Mjerumani aliandika "sch" kwa sh, "tsch" kwa ch, "dsch" au "dj" kwa j, na "j" yake ni y yetu. S yetu mwanzoni mwa neno aliiandika mara mbili, ndiyo maana Songea ni "Ssongea", na v yetu mara nyingi aliiandika "w". Jina kama Chihaja lingetokea kuwa "Tschihadscha", na macho yako yangelipita bila kulitambua. Mwingereza alikuwa na dosari zake: aliacha alama ya ng', alichanganya l na r, alikata kiambishi cha mwanzo au alikiongeza. Kaa chini uandike jina la jumbe wenu kwa namna zote kumi au kumi na tano unazoweza kuzifikiria, karatasi hiyo iwe mkononi kila unapotafuta. Kazi hii ya nusu saa ndiyo inayowatofautisha wanaopata na wanaokosa.

Ramani sasa. Ya kwanza ni ile ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya kipimo cha 1:300,000, iliyotengenezwa na Sprigade na Moisel. Sentimita moja ni kilomita tatu. Maktaba kadhaa za Ujerumani zimeiweka mtandaoni. Ilichorwa kutokana na safari za maofisa, kwa hiyo kandokando ya njia walizopita imejaa majina, na mbali na njia ni tupu. Weupe kwenye karatasi hiyo maana yake Mzungu hakupita, si kwamba watu hawakuwepo. Mengi ya majina yake ni ya majumbe. Ukikuta "verl." pembeni ya jina, ni ufupisho wa neno la Kijerumani lenye maana ya kwamba pameachwa, na kwa nchi iliyopitiwa na Majimaji utaelewa uzito wake.

Ya pili ni ramani za 1:50,000 za idara ya upimaji, zinazopatikana kwa Wizara ya Ardhi. Vijiji vya miaka ya 1940 hutaviona humo. Nunua hata hivyo, kwa ajili ya majina ya vijito. Watu waliondoka, lakini askari wa wanyamapori waliendelea kupita na kuyatumia majina hayo, kwa hiyo kijito hudumu na jina kuliko kijiji. Bibi akikutajia vijito vitatu na ukaviona viwili kwenye karatasi moja, umekaribia sana.

Ukitaka kuziweka ramani hizi mbili juu ya picha za satelaiti, programu ya QGIS ni ya bure na kijana yeyote aliyesoma upimaji anaijua. Tafuta alama zisizohama: vilele vya milima na makutano ya mito penye miamba. Usitumie mito ya bondeni kwenye mchanga, hiyo huhama. Usiweke chini ya alama nne. Weka nane au kumi zilizotawanyika pande zote. Kwa ramani ya Kijerumani tegemea kupotoka kwa kilomita kadhaa hata ukifanya vizuri. Na ramani za 1:50,000 zinatumia mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, simu yako inatumia WGS84. Ukiandika namba za mmoja kwenye mwingine bila kubadilisha, utakosea kiasi cha mita 300. Mita 300 porini ni tofauti ya kuuona mwembe na kutouona.

Picha za anga za Waingereza za mwisho wa miaka ya 1940 na ya 1950 zinaweza kuonyesha mashamba yaliyoachwa kama madoa mepesi ndani ya msitu. Sehemu ya hazina hiyo imehifadhiwa Edinburgh. Picha za kijasusi za Marekani za CORONA, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa mwaka 1995, zinapatikana kwenye tovuti ya idara ya jiolojia ya Marekani, na zile zilizokwisha skaniwa ni bure. Kwa kijiji chenu zimechelewa miaka kumi na tano hadi ishirini, msitu ulishaanza kufunga. Ila kwa wasomaji wengine ambao vijiji vyao vilivunjwa mwaka 1974, CORONA ni dhahabu, kwani inaonyesha nyumba zikiwa bado na watu.

Kuhusu DNA, nitasema kwa kifupi. Kipimo hakijui vijiji. Kinalinganisha chembe zako na za watu wengine waliopima, na Wangindo waliopima ni wachache mno. Kitakuambia una asili ya Afrika Mashariki, jambo unalolijua bure. Fedha hiyo ikulipie nauli ya Dar es Salaam na siku tano za kusoma mafaili.

Kufika penyewe, kama itawezekana, ni hatua ya mwisho. Mahame, yaani makazi yaliyohamwa, yana dalili zake. Mwembe kwa kawaida hauoti mwenyewe katikati ya miombo. Ukiona miembe mikubwa mitatu kwa pamoja, huenda kuna mtu aliyetupa kokwa uani kwake. Tafuta mkwaju na mbuyu vilivyo karibukaribu, mawe ya kusagia yaliyobonyea, vigae, mavi ya chuma palipokuwa na mhunzi, na udongo mweusi wa majivu palipokuwa na jalala. Lakini mwembe peke yake si ushahidi, kwa sababu njia za misafara nazo zilipandwa miembe, na nyani na tembo husambaza kokwa. Nataka uone dalili tatu za aina tofauti mahali pamoja.

Usiende peke yako, na usiingie kimyakimya. Ni ndani ya hifadhi, kuingia bila kibali ni kosa la jinai, na kutembea bila askari mwenye silaha ni kucheza na nyati na simba. Andika barua kwa mhifadhi mkuu wa hifadhi husika ukieleza nia ya kuzuru makaburi, ambatisha ramani yako na majina ya ukoo. Ukiwa na mahali mahsusi, maombi yako yatasikilizwa kuliko ukienda na "huko porini". Vaa nguo za rangi ya udongo. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Ukirudi, ukipata kidonda kinachouma mahali ulipoumwa, homa au kichwa kuuma ndani ya wiki chache zinazofuata, nenda hospitali, useme wazi kwamba ulikuwa nchi ya mbung'o na uombe damu ipimwe malale pamoja na malaria. Malale ya Afrika Mashariki huzidi haraka mwilini, na hutibika vizuri yakiwahiwa. Na usichimbe chochote. Uchimbaji wa mambo ya kale unahitaji leseni, na kaburi hata kama si la kale kisheria ni la mtu. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, acha kigae kilipo.

Kuna mahali ambapo barua kama hii haitoshi. Ukikwama kwenye mwandiko wa Kijerumani, tafuta mtu wa idara ya historia ya chuo kikuu akusomee ukurasa mmoja au miwili. Usimpelekee faili zima. Kama ndani ya ukoo kuna wanaotaka kudai ardhi au fidia, muone wakili kabla ya kusambaza matokeo yako, kwa kuwa kutafuta asili ni jambo moja na madai ya ardhi iliyo ndani ya hifadhi ni jambo lingine lenye sheria zake, na maneno ya bibi yaliyorekodiwa yanaweza kugeuzwa ushahidi bila yeye kukusudia. Na kama bibi akianza kulia au kukosa usingizi baada ya vikao, simama. Huenda kuhama kule alizika mtu njiani.

Utajuaje kwamba umefika? Usikubali mahali kwa sababu ya jina peke yake. Majumbe wa jina moja walikuwa wengi. Mahali pakubalike pale ambapo nyuzi tatu zisizotokana na mtu mmoja zinakutana: kwa mfano kijito alichokitaja bibi, jina la jumbe kwenye orodha ya kodi au ya uhamisho, na mwendo wa siku unaolingana na umbali hadi makazi waliyopelekwa. Zikikutana mbili tu, andika "inaelekea", weka kando, uendelee na wajukuu wa wale walioingia jando na babu. Wapo Liwale, Nachingwea, Rufiji na Ulanga, na baadhi yao nao wanaulizana "kwa fulani" palikuwa wapi. Anza na majina atakayokutajia bibi kesho asubuhi.